Kumshtaki Mkubwa wa Zamani: Kisa cha Familia za Waliochukuliwa Usiku

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha Uganda. Wilaya, serikali, cheo cha mtuhumiwa na miaka kamili vimeondolewa, na mambo machache ya familia yamebadilishwa ili zisitambulike. Inatosha kujua kwamba mtuhumiwa alishika madaraka ya ngazi ya taifa kabla ya Januari 1986, Yoweri Museveni alipotwaa nchi. Mji wenyewe ni wa mpakani. Makabila ni mengi, kwa hiyo sokoni, gereji na misibani watu huzungumza Kiswahili. Mimi niliingia kama msaidizi wa sheria, nikiandaa maelezo ya mashahidi. Humu namwita mtuhumiwa Mzee, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na wote, hata na waliokuwa wakimdai roho za watu wao.

Nimekiandika kwa ajili ya vikundi vya familia na wasaidizi wa sheria walio na jalada la namna hii mikononi. Wengi huanza na swali, "Tutamfikishaje mahakamani?" Swali linalotangulia hilo ni gumu zaidi: kesi ikianguka, nani atabaki chini yake?

Chimbuko

Usiku mmoja askari walifika na lori katika vijiji vitatu vya tarafa moja. Walikuwa na orodha. Waliita majina, wakapakia wanaume, wakaondoka. Hakuna aliyerudi isipokuwa kijana mmoja aliyeruka lori likipanda kilima, akavuka mpaka kwa miguu na kukaa ukimbizini miaka mingi. Familia kumi na moja zilikaa na msiba usio na kaburi. Kwa desturi za huko, mtu asiyezikwa huacha mambo mengi yakining'inia: mjane hajui kama ni mjane, ardhi haigawanywi, na jina la marehemu haliwezi kupewa mtoto.

Mzee aliishi uhamishoni. Huko alihusishwa na kundi la silaha lililopinga serikali mpya. Baadaye alirudi nyumbani akiwa na hati ya msamaha, akapokelewa kwa heshima, akawa mtu wa kukalishwa mbele kwenye mazishi na kupewa kipaza sauti. Ni kwenye mazishi ya namna hiyo mama mmoja muuza samaki wakavu, ambaye wote tunamwita Hajati, alimsikia akisema kwamba enzi zake "hakuna raia aliyeonewa." Mume wa Hajati alikuwa jina la nne kwenye ile orodha. Wiki iliyofuata alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

Sheria ilivyokuwa imesimama

Kila mtu mjini alikuwa na jibu lake. Wengine walisema wakubwa wana kinga ya maisha. Wengine walisema hati ya msamaha imefuta kila kitu. Wengine walisema muda umepita mno. Majibu yote matatu hayakuwa sahihi, na kuyasahihisha kulichukua vikao vingi.

Kinga kwanza. Katiba ya 1995, ibara ya 98, inamkinga rais akiwa madarakani tu. Akishaondoka anaweza kushtakiwa kwa alilotenda kwa nafsi yake, kabla ya urais au wakati wa urais, na muda aliokaa ikulu hauhesabiwi katika ukomo wa kufungua shauri. Lakini maneno "kwa nafsi yake" yanampa wakili wa utetezi pa kushika: atasema amri ilitolewa kwa wadhifa, si kwa nafsi. Kwa cheo chochote cha juu, utetezi wa "nilikuwa natumikia serikali" lazima utarajiwe tangu siku ya kwanza.

Msamaha pili. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 inahusu waliopigana na serikali tangu tarehe 26 Januari 1986. Tendo la kabla ya hapo, tena lililofanywa na askari wa serikali yenyewe, halimo. Hati ya Mzee ilifunika uasi wake wa uhamishoni, haikugusa lile lori. Hata kwa matendo ya baada ya 1986 hati hiyo si ngao kamili. Thomas Kwoyelo, kamanda wa kundi la waasi la LRA aliyekamatwa mwaka 2009, aliambiwa na Mahakama ya Katiba mwaka 2011 kwamba anastahili msamaha. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ikatengua, na Agosti 2024 akatiwa hatiani kwa makosa 44 na baadaye kufungwa miaka 40. Tangu kukamatwa hadi hukumu ni miaka kumi na mitano, na kwa mashahidi wenye miaka sabini hesabu hiyo ina maana yake.

Muda tatu: mauaji na utekaji havina ukomo wa kushtakiwa.

Ugumu halisi ulikuwa kwingine. Sheria ya mwaka 2010 iliyoingiza nchini Mkataba wa Roma, ule ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague, haiwezi kurudishwa nyuma, kwa kuwa ibara ya 28 ya Katiba inakataza kumtia mtu hatiani kwa tendo ambalo halikuwa kosa lilipotendwa. Mahakama hiyo nayo haigusi lolote la kabla ya Julai 2002. Kwa hiyo dhana ya kwamba kamanda anabeba makosa ya askari wake kwa sababu tu ni kamanda haikuwepo mezani. Kilichobaki ni Kanuni ya Adhabu ya kawaida, na kwa kanuni hiyo upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba Mzee mwenyewe aliamuru, alishawishi, au alikuwa na nia ya pamoja na waliotenda.

Palikuwa na njia iliyokwisha kupitiwa na wengine. Chris Rwakasisi, waziri wa usalama katika serikali ya pili ya Rais Milton Obote, alishtakiwa kwa kuteka watu kwa nia ya kuwaua, akahukumiwa kifo, akakaa gereza la Luzira zaidi ya miaka ishirini hadi aliposamehewa na Rais mwaka 2009. Kosa hilo lilitufaa kwa sababu halihitaji maiti. Linahitaji kuonyesha kwamba mtu alichukuliwa kwa nguvu, na nia ya waliomchukua. Familia zisizo na hata mfupa mmoja zilipolielewa hilo, kikao kilinyamaza kwanza, kisha kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja.

Yaliyotokea

Kabla ofisi yetu haijaitwa, kijana mmoja wa familia hizo alikwenda kwenye redio ya FM ya mjini, akamtaja Mzee kwa jina, akataja wilaya yake, na kwa hasira akataja kabila lake. Alitaja pia kwamba "dereva wa lile lori yuko hai na atasema." Ndani ya siku chache mambo mawili yalitokea. Watu wa kwao Mzee, wengi wao wasiompenda, walikusanyika nyumbani kwake kumpa pole, maana sasa jambo lilikuwa limekuwa lao wote. Na dereva alivuka mpaka. Hajaonekana tena.

Tulipoingia, vitu vilivyobaki mkononi vilikuwa vinne: yule aliyeruka lori, karani mstaafu aliyesema aliipiga chapa orodha, barua ya kiofisi yenye saini, iliyoagiza "wahusika wakusanywe", na kumbukumbu za familia zenyewe. Baadhi ya familia zilikuwa zimewahi kutoa maelezo kwa Tume ya Uchunguzi wa Ukiukaji wa Haki za Binadamu, ile iliyoongozwa na Jaji Arthur Oder tangu 1986 na kutoa ripoti mwaka 1994. Waliamini hilo limemaliza kazi ya ushahidi. Haikuwa hivyo. Maelezo mbele ya tume humwonyesha mpelelezi pa kuanzia, lakini kwenye kesi ya jinai shahidi lazima aje mwenyewe, aape, na ahojiwe na wakili wa upande wa pili.

Barua nayo ilikuwa na tatizo. Familia iliyoitunza, kwa kuipenda na kuiogopea mchwa, iliipeleka kwa mpiga picha akaifunika kwa plastiki ya moto. Mtaalamu wa maandishi hawezi tena kuishika karatasi yenyewe wala kuichunguza wino wake. Na hakuna aliyeandika popote kwamba barua ilitoka kwa nani, lini, ikapita mikono gani.

Tulichukua maelezo upya, kila shahidi peke yake, mbali na wenzake, ili kusiwe na wimbo wa pamoja. Kisha malalamiko yalipelekwa polisi, na nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Jibu la mwendesha mashtaka aliyelisoma jalada lilikuwa la kitaalamu na la haki: tukio limethibitika vizuri, kiungo kati ya tukio na Mzee bado chembamba, leteni nyaraka. Jalada likabaki wazi.

Miezi ikapita. Karani akafariki. Mzee akaanza kuumwa figo. Hapo ndipo wajumbe walipokuja, sheikh mmoja, padri mmoja na wazee wawili, na neno kutoka kwake: yuko tayari kuonyesha walikolazwa wale watu, malalamiko yakiondolewa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulihusu mlango wa kuingilia. Sheria ya Uganda inamruhusu raia kufungua mashtaka binafsi mbele ya hakimu, na vijana waliitaka njia hiyo kwa sababu haisubiri mtu. Tulishauri wasiifuate. Mkurugenzi wa Mashtaka ana mamlaka, chini ya ibara ya 120 ya Katiba, ya kuichukua kesi yoyote ya raia na, mahakama ikiridhia, kuisitisha kabla ya hukumu. Kusitishwa si kuachiwa huru, mtu anaweza kushtakiwa tena, lakini huko mitaani hakuna anayetofautisha. Na hatari kubwa zaidi ni kesi kusikilizwa ikiwa changa. Mtuhumiwa akiachiwa huru baada ya kusikilizwa, ibara ya 28 inakataza kumshtaki tena kwa kosa lilelile, hata dereva akirudi na hata nyaraka zikipatikana. Hukumu ya namna hiyo huwa cheti, na mwenye cheti hukitumia. Nchini Zambia, rais wa zamani Frederick Chiluba aliondolewa kinga na Bunge mwaka 2002, mahakama ya London ikaamua dhidi yake katika shauri la madai mwaka 2007, lakini mwaka 2009 hakimu wa Lusaka akamwachia huru kwenye kesi ya jinai. Kwa wafuasi wake, hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa ukweli.

Uamuzi wa pili: kupunguza. Familia zilikuwa kumi na moja, na kila moja ilistahili siku yake mahakamani. Tuliomba malalamiko yajengwe juu ya watu watatu tu, wale waliochukuliwa kijiji kimoja, ambako yule aliyeruka lori aliwaona wakichukuliwa kwa macho yake. Kikao hicho kiliumiza. Mama mmoja aliuliza kama mwanawe ni mdogo kuliko wa wengine. Hajati ndiye aliyemjibu: "Mwanangu, hao watatu wanatangulia, hawatuachi."

Uamuzi wa tatu ulihusu pesa na siasa. Mgombea mmoja wa ubunge alijitolea gari, mafuta na wakili wa Kampala. Ilikuwa mwaka wa kampeni, na Mzee alikuwa akimuunga mkono mpinzani wake. Kikundi kilikataa. Mwalimu mstaafu aliyekuwa katibu alieleza kwa maneno machache: shahidi aliyepanda gari la mgombea ataulizwa mahakamani nani alilipia nauli yake, na atakosa pa kuangalia. Waliendelea kupanda taksi za kawaida na kuchangishana.

Uamuzi wa nne, kuhusu pendekezo la Mzee, ndio uliotaka kutugawa. Wajane walitaka mifupa, na vijana walitaka kizimba. Juu ya hayo kulikuwa na mtego wa sheria ambao wajumbe hawakuujua: kukubali chochote ili kuficha au kuondoa malalamiko ya kosa kubwa ni kosa lenyewe chini ya Kanuni ya Adhabu. Mama wa marehemu angeweza kujikuta yeye ndiye mshtakiwa. Tulipendekeza jibu hili, nalo likapelekwa kwa mdomo mbele ya mashahidi: kikundi kinapokea taarifa yoyote ya walikolazwa watu wake, hakiahidi kuondoa chochote, kwa sababu uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka na si wa familia. Polisi walijulishwa.

Matokeo

Mzee alitaja sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kupitiwa na barabara. Ya pili ilikuwa shamba la mihogo. Hakimu alitoa amri ya kufukua, ikafukuliwa mbele ya polisi na daktari, na mabaki ya watu kadhaa yakapatikana pamoja na vifungo, mkanda, na kipande cha rozari. Si familia zote zilizompata wa kwao. Waliopatikana walizikwa pamoja, imamu na padri wakisoma kwa zamu, kwa kuwa haikujulikana kila mfupa ni wa dini gani.

Mzee alifariki kabla uamuzi wa kumshtaki haujafikiwa. Kesi ya jinai hufa na mshtakiwa. Alizikwa kwa heshima zake. Hajati hakwenda, vijana wawili walikwenda wakasimama nyuma kabisa.

Uchambuzi

Kilichoharibu zaidi ni redio. Wakati kijana anatangaza, hakukuwa na maelezo yaliyoandikwa hata ya shahidi mmoja. Uganda haikuwa na sheria mahsusi ya kulinda mashahidi, kwa hiyo kumtaja dereva hewani kulikuwa kumweka mtu peke yake uwanjani. Na kutaja kabila kuligeuza shauri la mtu kuwa shauri la watu. Damu ni nzito. Mtu ambaye jana ndugu zake walimlalamikia kwa ubahili, leo wanamlinda kwa sababu wameambiwa wote ni wauaji. Jambo hili hutokea pia kwa vipimo vya taifa zima. Julai 2021 Jacob Zuma, rais wa zamani wa Afrika Kusini, alipofungwa miezi 15, tena kwa kudharau mahakama tu, ghasia zilizofuata nchini humo ziliua watu zaidi ya 300. Mahakama haikukosea kumfunga. Lakini anayepanga kumshtaki mkubwa wa zamani lazima ajiulize nani atamsimamia nyumbani kwao siku ya kukamatwa, na amzungumzie mtuhumiwa kama mtu mmoja mwenye jina moja, tangu neno la kwanza.

Kilichofuata kwa uharibifu ni karani. Alikuwa kiungo pekee kati ya orodha na ofisi. Maelezo yake yaliandikwa na polisi, akasaini, lakini sheria ya ushahidi inayaruhusu maneno ya marehemu kupitia milango michache na miembamba, na utetezi ungebishana juu ya kila mlango. Kwenye kesi za zamani umri wa shahidi ndio unaopaswa kupanga ratiba. Mkongwe atangulie, aelezee pia aliyemwamuru, mashine ilikuwa chumba gani, nakala zilikwenda wapi, ili kila alichosema kiweze kuthibitishwa na kitu kingine kisichokufa.

Nyaraka ndizo zinazobeba kesi hizi. Hissène Habré, rais wa zamani wa Chad, alihukumiwa kifungo cha maisha mjini Dakar Mei 2016, zaidi ya miaka ishirini na mitano tangu apinduliwe. Waathirika wenyewe ndio waliosukuma gurudumu miaka yote hiyo, lakini kilichompa mtuhumiwa shida zaidi ni makaratasi ya polisi wake wa siri, yaliyokutwa N'Djamena mwaka 2001 yakiwa yametupwa sakafuni. Karatasi haziogopi na hazivuki mpaka usiku. Sisi tulikuwa na karatasi moja, nayo imefunikwa plastiki. Familia yoyote yenye barua ya zamani iiweke ndani ya bahasha safi, iandike tarehe iliyoipata na kutoka kwa nani, na isiitoboe, isiibandike, isiifunike.

Yaliyofaulu yana uzito wake. Kukataa gari la mgombea kuliokoa jina la kikundi: uchaguzi ulipokwisha, yule mgombea hakulitaja suala hilo tena, na kikundi kilikuwa bado kinakutana. Kupunguza malalamiko hadi watu watatu kulimfanya mwendesha mashtaka aliyesoma jalada aone tukio moja linalofuatilika. Na lile jibu kwa wajumbe lilileta miili bila kuuza haki ya mtu yeyote. Baadhi ya wenzangu wanaona tulimpa Mzee nafasi ya kufa kwa amani. Siafiki. Alikufa jalada likiwa wazi, na alijua liko wazi.

Kuna hofu moja ambayo mawakili huizungumza kwa sauti ndogo, nami naiona ni ya kweli. Tangu uhuru wa 1962, Uganda haijaona rais akikabidhi madaraka kwa mwingine kwa njia ya uchaguzi. Idi Amin alikufa Jeddah mwaka 2003 bila kushtakiwa. Obote alifia Afrika Kusini mwaka 2005 akarudishwa kuzikwa kwa heshima za taifa. Wako wanaosema kwamba kila kesi dhidi ya aliyeondoka humfundisha aliyepo asiondoke. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau upande wa pili: huku chini, miaka yote hiyo ya kutoshtaki imewafundisha askari wa orodha na lori kwamba hakuna atakayewauliza. Kinachopunguza hatari zote mbili ni kesi nyembamba, yenye tendo, tarehe na mtu, inayosikilizwa na mahakama ya kiraia mchana, ambayo hata ndugu wa mshtakiwa anaweza kukaa ndani na kuifuata.

Barua ile ilikuwa na saini mbili. Mwenye saini ya pili yu hai na anaishi nje ya wilaya. Katibu amekwisha kuandika nyaraka zote kwenye daftari moja, kila moja na njia iliyopitia. Yule aliyeruka lori amechukuliwa maelezo ya nyongeza akiwa na afya njema, na maombi ya nakala za barua za ofisi ya wakati huo yamepelekwa kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali. Jina la huyo wa pili halijatajwa redioni, na familia zote kumi na moja zimekubaliana lisitajwe.